KUISOMA PICHA: HISTORIA YA SANAA NA UTAMADUNI WA ULAYA KAMA SOMO LA CHUO KIKUU

1. Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa Afrika Mashariki hutundikwa ukutani picha ya Bwana Yesu akiwa mezani pamoja na wanafunzi wake kumi na wawili. Mara nyingi picha hiyo ni nakala ya kazi iliyochorwa na Leonardo da Vinci katika mji wa Milan, Italia, kati ya mwaka 1495 na 1498. Watoto hukua wakiitazama, na wengi wao huamini kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa usiku ule: meza ndefu yenye kitambaa cheupe, wote wameketi upande mmoja, na nyuso zote ni za watu wa Ulaya. Hakuna mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyewafundisha hivyo kwa maneno. Picha yenyewe imewafundisha.

Katika makala hii tunakusudia kueleza somo linalohusika na mambo ya namna hiyo, yaani historia ya sanaa na utamaduni wa Ulaya kama inavyofundishwa katika vyuo vikuu. Tutaonyesha lilivyoanza, mwanafunzi wake anajifunza kufanya nini, na kwa nini lamhusu mtu anayejiandaa kuhubiri Neno la Mungu. Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Ni kweli, jicho huona lolote lililowekwa mbele yake. Lakini kuona ni jambo moja, na kuelewa kilichoonekana ni jambo jingine. Hoja yetu ni hii: picha si dirisha la kulitazamia tukio lenyewe, bali ni ushuhuda wa watu walioitengeneza, walioilipia na walioitumia, na ushuhuda huo, kama andiko lolote, hudai kusomwa.

2. Jinsi somo lilivyoingia katika chuo kikuu

Habari za wachoraji ziliandikwa zamani kabla ya kuwapo mhadhara wowote juu yao. Mwaka 1550 Giorgio Vasari, aliyekuwa mwenyewe mchoraji na mjenzi, alitoa kitabu juu ya maisha ya wasanii wa Italia, akakipanua mwaka 1568. Vasari alieleza sanaa kupitia maisha ya mtu mmoja mmoja, tena aliwapendelea watu wa Florence, mji aliokuwa akiutumikia. Hata hivyo bila kitabu chake tungejua machache sana.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka kwa Johann Joachim Winckelmann, mtoto wa fundi viatu wa Stendal huko Ujerumani, ambaye mwaka 1738 alianza masomo ya theolojia katika chuo kikuu cha Halle. Kitabu chake juu ya historia ya sanaa ya kale kilitoka mwaka 1764. Ndani yake hakusimulia tu maisha ya wasanii, bali alijaribu kueleza jinsi mtindo wenyewe unavyozaliwa, unavyokomaa na unavyofifia pamoja na maisha ya taifa. Tangu hapo sanaa ilianza kuhesabiwa kuwa jambo lenye historia yake.

Katika karne ya 19 vyuo vikuu vya nchi zenye kutumia Kijerumani vilitangulia kulipa somo hili viti vya uprofesa. Johann Dominicus Fiorillo alifanywa profesa kamili huko Göttingen mwaka 1813. Gustav Friedrich Waagen, aliyekuwa mkuu wa jumba la picha la Berlin, alipewa uprofesa katika chuo kikuu cha mji huo mwaka 1844. Naye Rudolf Eitelberger aliupata huko Vienna mwaka 1852. Huko Basel, Uswisi, alifundisha Jacob Burckhardt, mtoto wa mchungaji, ambaye naye alianza na theolojia kabla ya kugeukia historia. Kitabu chake cha mwaka 1860 juu ya utamaduni wa Renesansi katika Italia kilifungua njia ya kuziangalia siasa, sherehe, dini na tabia za watu kama sehemu za maisha mamoja. Ndiyo sababu hata leo katika vyuo vingi sanaa na utamaduni hufundishwa bega kwa bega.

Mwanafunzi wa Burckhardt, Heinrich Wölfflin, alimrithi mwaka 1893. Wölfflin alijulikana kwa kuonyesha darasani picha mbili kwa pamoja ili wanafunzi wazilinganishe. Katika kitabu chake cha mwaka 1915 alitoa jozi tano za sifa za kutofautishia sanaa ya karne ya 16 na ile ya karne ya 17: kwa mfano, picha iliyojengwa kwa mistari iliyo wazi, na picha ambayo vitu vyake huyeyuka katika mwanga na kivuli. Kulinganisha kungali zoezi la kwanza la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Somo hili lilipata pia mateso yake. Huko Hamburg, Aby Warburg, mtoto wa tajiri mwenye benki, alitumia mali ya familia yake kukusanya maktaba iliyounganisha sanaa, dini, unajimu na fasihi. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, walimu Wayahudi walifukuzwa vyuoni, miongoni mwao Erwin Panofsky, aliyehamia Marekani. Maktaba ya Warburg, yenye vitabu vipatavyo 60,000, ilipakiwa melini mwishoni mwa mwaka huo huo ikapelekwa London, na mwaka 1944 ikawa sehemu ya chuo kikuu cha mji huo. Hivyo elimu iliyozaliwa kwa Kijerumani ikaanza kusema Kiingereza kwa sababu watu wake walikuwa wakimbizi.

3. Mwanafunzi anajifunza kufanya nini

Yapo mawazo kwamba mtu anayesoma historia ya sanaa hukaa akitazama vitu vizuri na kusema kwamba ni vizuri. Sivyo. Kwanza hana budi kujifunza lugha. Asiyejua Kilatini, Kiitaliano, Kijerumani au Kifaransa atafungiwa nje ya hati nyingi anazozihitaji. Pili, hufundishwa kueleza kwa maandishi kile anachokiona kabla hajasema maana yake. Zoezi hili hufanywa mara nyingi mbele ya kazi yenyewe, kanisani au katika jumba la makumbusho, kwa kuwa nakala haionyeshi ukubwa, unene wa rangi, wala mahali mwanga unapotokea. Tangu mapatano ya Bologna ya mwaka 1999, vyuo vingi vya Ulaya vimepanga masomo haya katika miaka mitatu ya shahada ya kwanza na miwili ya shahada ya uzamili.

Panofsky, tuliyemtaja juu, aliipa kazi ya kusoma picha utaratibu ambao wanafunzi hufundishwa hadi leo, hata kama wengi huukosoa. Aliueleza katika kitabu cha mwaka 1939, na mojawapo ya mifano yake ni Karamu ya Mwisho. Hatua ya kwanza ni kuona vitu na watu: wanaume kumi na watatu wako mezani, nao wamefadhaika. Hatua ya pili ni kutambua habari inayosimuliwa; na hapa yule asiyeijua Injili hawezi kuendelea, maana ataona tu watu wanaokula kwa fujo. Hatua ya tatu ni kuuliza ni mawazo gani ya wakati ule, ya mji ule na ya watu wale yaliyoifanya picha iwe hivi na si vingine.

Hebu tuitumie njia hiyo kwa picha ile ya Milan. Leonardo aliichora katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa Wadominiko wa Santa Maria delle Grazie. Upana wake ni karibu mita 9. Aliyegharimia kazi ni mtawala wa Milan, Ludovico Sforza, na alama za ukoo wake zimo juu ya picha. Watawa waliokaa kula kimya waliiona mbele yao meza ya Bwana kama meza moja zaidi katika ukumbi wao; kwa hiyo kitambaa, vyombo na mikate ni vya Italia ya wakati ule. Wote wameketi upande mmoja ili watawa wazione nyuso zao. Wachoraji wengi waliotangulia walimweka Yuda peke yake upande wa pili wa meza. Leonardo alimweka katikati ya wenzake, kwa maana alichagua dakika ile ambayo Bwana amekwisha kusema kwamba mmoja wao atamsaliti, na kila mmoja anajiuliza kama ndiye. Haya ni mahubiri juu ya Mathayo 26, yaliyotolewa kwa watu waliokula chakula chini yake kila siku.

Ukumbi ule haukuwa Yerusalemu, na mchoraji hakudai kwamba ulikuwa. Watu wa zama za Bwana wetu walipofanya karamu waliegemea. Hawakukaa vitini kwenye meza ndefu. Isitoshe, Leonardo alichora juu ya lipu iliyokwisha kukauka, na rangi yake ikaanza kubanduka mapema. Mwaka 1652 mlango ulipanuliwa ukutani, ukaikata miguu ya Yesu. Mwaka 1943 ukumbi ulipigwa na mabomu, ukuta wa picha ukanusurika. Kazi ya kuihifadhi iliyokwisha mwaka 1999 ilichukua zaidi ya miaka 20. Picha tunayoitundika nyumbani, yenye rangi zake kali, ni picha ambayo huko Milan haipo.

Mwanafunzi hufundishwa pia kusoma hati za fedha. Mwaka 1485 mchoraji Domenico Ghirlandaio wa Florence alitia sahihi mkataba wa kuchora Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, kwa ajili ya nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, iitwayo Spedale degli Innocenti. Malipo yalikuwa florini 115, na mkataba ulitaja hata thamani ya rangi ya buluu: iwe ile ya florini zipatazo nne kwa wakia. Buluu hiyo ilisagwa kutokana na jiwe liitwalo lapisi lazuli, lililochimbwa katika milima ya nchi ambayo leo ni Afghanistan, likapita mikononi mwa wafanyabiashara wengi kabla ya kufika Italia. Basi vazi la buluu la Mariamu, ambalo wengi hulidhani kuwa desturi ya kichungaji tu, lilikuwa pia namna ya kumtolea heshima kwa kitu cha thamani kubwa. Na sanaa tunayoiita ya Ulaya ilikuwa tangu zamani imebeba mali za Asia.

4. Picha iliyoondolewa mahali pake

Jambo moja ambalo walimu wa somo hili hulirudia ni kwamba jumba la makumbusho halikuwa nyumba ya kwanza ya picha. Mfano ulio wazi ni madhabahu ya Isenheim, iliyochorwa na Matthias Grünewald yapata mwaka 1512 hadi 1516, na ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Unterlinden huko Colmar, Ufaransa. Mtu anayeingia pale hushtushwa na mwili wa Yesu msalabani: umejaa vidonda na michubuko, na vidole vimekakamaa. Kando yake amesimama Yohana Mbatizaji akimwonyesha kwa kidole kirefu, na karibu naye yameandikwa kwa Kilatini maneno ya Yohana 3:30.

Mtazamaji aweza kudhani kwamba mchoraji alipenda kutisha. Lakini historia inatuambia kwamba madhabahu hiyo ilisimama katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Antoni, waliowauguza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Ugonjwa huo ulitokana na kuvu inayoota katika nafaka ya rai. Uliwachoma wagonjwa kama moto, ukaozesha viungo vyao hata vikakatwa. Wagonjwa wale walipoitazama ngozi ya Msalabiwa, waliiona ngozi iliyoteseka kama yao. Picha hiyo ilikuwa faraja ya wagonjwa kabla haijawa kivutio cha watalii. Asiyejua habari za hospitali ile anaiona picha, wala haisikii inasema na nani.

5. Madhabahu ya Wittenberg

Kwetu sisi Walutheri uko mfano wa karibu zaidi. Katika Kanisa la Mji la Mtakatifu Maria huko Wittenberg, mahali Luther alipohubiri mara nyingi, imo madhabahu ya mwaka 1547 iliyotoka katika karakana ya Lucas Cranach. Ubao wa kati unaonyesha Chakula cha Bwana katika meza ya mviringo. Upande mmoja Philipp Melanchthon anabatiza mtoto. Upande wa pili Johannes Bugenhagen, mchungaji wa kanisa hilo, ameshika funguo akisikiliza maungamo. Chini, Luther yuko mimbarani: mkono mmoja uko juu ya Biblia iliyofunguliwa, na wa pili unamwonyesha Kristo aliyesulibiwa, ambaye amesimamishwa katikati, kati ya mhubiri na washarika. Ukuta nyuma yao ni mtupu.

Tukiisoma kana kwamba ni picha ya kamera, itatupotosha mara tatu. Luther alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, tarehe 18 Februari 1546. Melanchthon hakuwahi kubarikiwa kuwa mchungaji, lakini hapa anabatiza. Tena miongoni mwa mitume mezani ameketi Luther mwenyewe mwenye ndevu, kama alivyokuwa alipojificha katika ngome ya Wartburg mwaka 1521 na 1522, akipokea kikombe. Hakuna lolote kati ya haya lililotukia hivyo. Lakini ukiisoma kama ungamo la imani, kila kitu kinakaa mahali pake. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha saba, lilieleza kwamba kanisa lipo pale Injili inapohubiriwa kwa usafi na sakramenti zinapotolewa sawasawa. Cranach alikichora kifungu hicho. Na kikombe anachopokea Luther ndicho kile ambacho walei walikuwa wamenyimwa kwa muda mrefu.

Hapa historia inatuzuia tusifanye haraka kusifu. Karakana hiyo hiyo ya Cranach, katika miaka ya kwanza ya Matengenezo, ilimchorea pia Kardinali Albrecht wa Brandenburg picha nyingi za watakatifu kwa kanisa lake la Halle. Naye Albrecht ndiye askofu mkuu ambaye uuzaji wa vyeti vya msamaha chini yake ulimfanya Luther aandike hoja 95 mwaka 1517. Cranach alikuwa mchoraji wa ikulu ya Saksonia tangu mwaka 1505, mwenye duka la dawa, na meya wa mji. Aliishi kwa kazi ya mikono yake. Imani, urafiki na biashara vilikaa pamoja katika nyumba moja.

Wala si Waprotestanti wote waliokubali picha. Mwaka 1522 Andreas Karlstadt alidai huko Wittenberg kwamba ziondolewe makanisani. Luther alirudi kutoka Wartburg mwezi Machi, akahubiri mfululizo wa mahubiri manane, akafundisha kwamba picha ni jambo la hiari na kwamba sanamu iliyo moyoni ndiyo ya kuondolewa kwanza kwa Neno. Huko Zürich ziliondolewa mwaka 1524, na katika Uholanzi na Ubelgiji za leo makundi ya watu yalizivunja mwaka 1566. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia ya sanaa husoma hata ukuta mweupe. Ukuta ule nao ni hati. Kuna watu waliokata shauri kwamba uwe mtupu.

6. Mwafrika katika sanaa ya Ulaya

Swali moja hatuwezi kulikwepa: je, somo la sanaa ya Ulaya lina nafasi yoyote kwa Mwafrika, isipokuwa kama mgeni? Jibu mojawapo limo katika kanisa kuu la Magdeburg, ambalo tangu karne ya 16 ni la Kiprotestanti. Humo imo sanamu ya Mtakatifu Maurisio, mlinzi wa kanisa hilo, iliyochongwa katikati ya karne ya 13. Amevaa deraya ya askari, na uso wake ni wa Mwafrika, umechongwa kwa heshima na bila dhihaka. Masimulizi ya kanisa yalisema kwamba askari huyu shahidi alitoka Thebes ya Misri. Takribani miaka 270 baadaye Grünewald naye alimchora Maurisio, Mwafrika aliyevaa deraya ing'aayo, akizungumza na Mtakatifu Erasmo. Na uso wa Erasmo ni uso wa Kardinali Albrecht, aliyeiagiza picha hiyo. Leo imo katika jumba la Alte Pinakothek huko Munich.

Mambo haya hayafuti dhuluma zilizofuata, wakati watu wa Ulaya walipouza na kutawala Waafrika. Lakini yanatuonyesha kwamba wazo la kuwa watakatifu wote ni weupe halikuwa la Ulaya yote wala la nyakati zote. Asiyesoma historia hulipokea wazo hilo kama sehemu ya Injili. Aliyeisoma anajua lina umri, lina mahali lilipoanzia, na kwa hiyo laweza kukataliwa pasipo kumkataa Kristo.

7. Hitimisho

Mwanafunzi wa theolojia anafundishwa kwamba kabla ya kuhubiri waraka wa Paulo hana budi kuuliza uliandikwa na nani, kwa nani, lini na kwa sababu gani. Hakuna anayesema kwamba maswali hayo yanaudharau waraka, yanauheshimu. Historia ya sanaa inaziuliza picha maswali hayo hayo. Inapotuambia kwamba Leonardo aliivika Injili nguo za Milan, Grünewald vidonda vya wagonjwa wa Isenheim, na Cranach nyuso za majirani zake wa Wittenberg, haituamuru tuzidharau kazi zao. Inatuonyesha kwamba kila mmoja alithubutu kumleta Kristo nyumbani kwa watu wake.

Basi usharika unapochagua picha ya kuweka madhabahuni, au mwalimu wa kipaimara anapochagua picha ya kitabu, uchaguzi huo ni wa kitheolojia, hata kama umefanywa kwa kutazama bei tu. Yafaa vyuo vyetu vitenge walau saa chache za masomo kwa ajili ya kuwafundisha watumishi kusoma picha, kwa kuwa washarika wao wataendelea kufundishwa nazo siku zote za juma, mimbari ikiwa tupu.